Saini Yangu Kwenye Jiwe la Israeli

Shikamoo zenu nimezipokea, marahaba. Ninyi walimu wapya wa historia mmeniomba niwaambie jinsi ya kupeleka wanafunzi kwenye maeneo ya dini yanayogombaniwa, na jinsi ya kufundisha habari za Wayahudi kwa watoto ambao hawajawahi kumwona Myahudi hata mmoja. Nimewasikia. Nimeziona pia picha za safari yenu ya juzi. Wanafunzi arobaini wamesimama mbele ya kanisa la zamani, wawili wameshika bango, Mkuu wa Shule yuko katikati na miwani yake ya jua. Kanisa lenyewe halionekani. Nilimwuliza mmoja wenu kanisa lile lilijengwa juu ya nini, nikitaka kujua kama mmesikia habari za makaburi yaliyokuwepo pale kabla yake. Akanijibu, "Juu ya msingi, Mwalimu."

Msinune. Nawadharau kidogo, lakini ninyi mmepiga picha tu. Mimi niliandika, nikatia saini, na maandishi yangu yakamvunjia mtu kaburi la babu yake. Hayo ndiyo nitakayowaambia.

Nilifundisha shule moja ya bweni juu milimani Mbinga, kule ambako asubuhi za Juni wanafunzi wanakalia mikono yao ili iweze kushika kalamu. Nusu ya darasa walikuwa watoto wa wakulima wa kahawa wa hapo hapo, Wakatoliki. Nusu nyingine walipanda kutoka ziwani, Nyasa, na wengi wao walikuwa Waanglikana. Kila mwaka tulikuwa na safari ya mafunzo. Nitawaambia ilivyokuwa: tulikodi Coaster, tukashuka ziwani, tukaogelea, tukala samaki, tukarudi. Ripoti ya safari niliiandika siku mbili kabla ya kuondoka. Nilibadilisha tarehe tu kwenye ripoti ya mwaka uliotangulia. Mwaka mmoja nilisahau kuibadilisha, na hakuna aliyegundua.

Katika mojawapo ya safari hizo tulifika kwenye ufukwe mmoja upande wa Ngumbo. Pale pana jiwe pana, limelala kama ng'ombe, nusu mchangani nusu majini. Nyuma ya jiwe kuna makaburi ya ukoo mmoja, na katikati ya makaburi kuna msalaba wa saruji uliowekwa na Waanglikana, kwa sababu wazee wao wa kwanza walibatizwa hapo majini. Ukoo na kanisa walikuwa wamebishana zamani kuhusu msalaba huo, wakachoka, wakazoeana. Akina mama walianika usipa, dagaa wa ziwa lile, juu ya jiwe. Hapakuwa na tatizo.

Siku hiyo tulikuta mtu mgeni. Alijiita Mtumishi Gideoni. Alikuwa ametoka mjini na spika mbili na shati jeupe lisiloshika vumbi, sijui alilifanyaje. Kwenye bati alikuwa ameandika kwa rangi nyekundu: JIWE LA WANA WA ISRAELI. Akanishika mkono kama ndugu aliyepotea, akanionyesha mikwaruzo iliyojaa upande mmoja wa jiwe, mistari mirefu na mifupi, mingine imepishana.

"Mwalimu, wewe ni msomi," akasema. "Hiki ni nini kama si Kiebrania?"

Nilikuwa nimekiona Kiebrania mara moja, kwenye kalenda iliyoning'inia ofisi ya parokia. Nilipaswa kusema sijui. Lakini wanafunzi walikuwa wamenizunguka, na ninyi mnajua mwalimu anavyoona aibu kusema sijui mbele ya wanafunzi. Halafu Mtumishi aliniita "Profesa". Halafu nikaletewa ugali wa muhogo na mbasa mzima, mnene, amechemshwa na nyanya. Nilipomaliza kunawa mikono, kitabu cha wageni kilikuwa tayari kimefunguliwa mbele yangu. Niliandika hivi, nayakumbuka neno kwa neno: "Nimeyachunguza maandishi haya. Ni ya kale sana, na yanafanana na Kiebrania." Nikatia saini. Chini yake, kwa kujisikia, nikaongeza: Mwalimu Mwandamizi wa Historia.

Nilikuwa nimechunguza samaki.

Tulipanda gari tukarudi Mbinga, nikasahau.

Sasa tuje darasani, maana mambo haya mawili yalikutana. Habari za Wayahudi zilikuwa kwenye somo la Kidato cha Nne, mstari mmoja ndani ya sababu na matokeo ya vita kuu ya pili. Nilikuwa nawasomea kwa Kiingereza, wao wananakili: Wayahudi milioni sita waliuawa. Wanapiga mstari chini ya namba kwa kalamu nyekundu, tunaingia nukta inayofuata. Nilidhani nimefundisha.

Mwaka mmoja alikuwepo msichana aitwaye Editha, mtoto wa ziwani, mwembamba, mwenye mwandiko mkubwa. Alinyoosha mkono baada ya ule mstari.

"Mwalimu, Wayahudi hao ndio wale wa kwenye Biblia?"

"Ndio hao."

"Kumbe bado wapo?"

Darasa lilicheka. Mimi nikasema hilo ni swali la somo la dini, nikaendelea. Bahati mbaya yangu, au nzuri, siku hiyo mkuu wa idara yetu, Mwalimu Ndunguru, alikuwa amekaa nyuma kunikagua. Alikuwa mtu mfupi, hakuwahi kupaza sauti, na kila alichokisema kilikaa mwilini kama upupu. Alinisubiri mlangoni.

"Umefundisha watu, au umefundisha namba?"

"Nimefuata muhtasari, Mwalimu."

"Mtoto amekuuliza kama watu hao wapo hai, wewe umeogopa kumjibu. Hujui, au huoni kama inahusu?"

Nilisema muda ulikuwa umekwisha. Akatazama saa yake, akanionyesha. Zilikuwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Alichonifundisha baada ya hapo ndicho ninachowapa, na mkiweza kukiandika kiandikeni. Msianze na maiti. Anzeni na mtu aliye hai. Ndunguru alianza na fundi cherehani katika mji mmoja wa Ujerumani, mwenye duka la pembeni, anayewadai wateja na kuzozana nao kuhusu vifungo, na mkewe anayejua nani kazaa na nani mgonjwa. Kisha jirani mmoja anaacha kumsalimia. Kisha inatoka sheria kwamba watu kama yeye wasifanye kazi serikalini. Kisha watoto wake wanafukuzwa shule. Kisha alama ya nyota kwenye nguo. Kisha garimoshi. Kila hatua Ndunguru alisimama, akauliza darasa: "Wewe ni jirani yake. Leo unafanya nini?" Kwa Kiswahili, mlango umefungwa ili mkaguzi asisikie. Msiwavalishe watoto nyota wala kuwagawa kuwa wauaji na wauawa. Nilijaribu mwaka mmoja kwa ujuaji wangu, na kijana niliyemvalisha aliitwa "Nyota" kwa kejeli mpaka anamaliza shule.

Na mtakutana na lile swali. Mimi nililipata nilipolirudia somo kwa njia ya Ndunguru. Kijana mmoja wa mbele, mtumishi wa altare, akasema, "Lakini Mwalimu, si ndio waliomuua Yesu?" Nusu ya darasa ikaitikia.

"Yesu alikuwa kabila gani?" nikauliza.

Mmoja akasema, "Mkatoliki." Watoto wa ziwani wakaruka, "Mwanglikana!" Wakaanza kugombana kwa dhati, madawati yanagongwa.

Nikawaambia: Yesu alikuwa Myahudi. Mama yake Myahudi. Petro, Yohana, wote. Aliyetoa amri asulubiwe alikuwa gavana wa Kirumi, na waliopiga misumari ni askari wake. Na watu wa leo hawawezi kudaiwa damu ya mtu aliyekufa kabla bibi wa bibi zao hawajazaliwa. Yule mtumishi wa altare alinitazama kana kwamba nimemwibia kitu. Wiki iliyofuata aliniambia amemwuliza padri, na padri amesema ni kweli. Padri alimwambia pia kwamba Kanisa lenyewe lilichukua muda mrefu mno kulisema hilo waziwazi.

Lakini siku ile ile ya swali, Editha akanyoosha mkono tena.

"Mwalimu, nyumbani tunafundishwa kwamba Wayahudi wa kweli ni sisi. Wale wengine ni bandia, Mungu amewatupa, akatupatia sisi jina lao."

"Nani anafundisha hivyo?"

"Mtumishi Gideoni. Baba yangu ni mlinzi wake pale kwenye jiwe." Akasita. "Na pale kwenye mlango wa uzio kuna karatasi. Ina jina lako, Mwalimu."

Watoto hamsini wakanigeukia. Nikasema, na mniandikie hili kwenye madhambi yangu, "Mimi nilisema yanafanana tu."

Yeye hakubisha. Aliandika jibu langu kwenye daftari. Hilo liliniuma kuliko kama angenizomea.

Baada ya kipindi nikamwita, akanieleza yaliyotokea ufukweni tangu nilipokula yule mbasa. Gideoni alitoa nakala ya ukurasa wangu, akaiwekea plastiki, akaitundika. Kila aliyebisha alionyeshwa: msomi wa Mbinga amethibitisha. Akaweka uzio. Akapiga marufuku kuanika usipa juu ya jiwe takatifu. Shangazi wa baba yake Editha, Bibi Anjelika, ambaye alianika pale tangu usichana wake, akafukuzwa. Halafu Gideoni akasema Israeli haiwezi kulala pamoja na makaburi ya wapagani. Serikali ya kijiji ilikuwa imepanga kikao cha kuamua kama makaburi yaondolewe, na ushahidi mkubwa mezani ulikuwa karatasi yangu.

Angalieni ujanja wa mtu huyo. Anataka jina la Wayahudi, lakini Wayahudi wenyewe anawatukana. Anataka ukale, lakini makaburi ya kale yaliyo mbele ya macho yake anayaita uchafu. Na mimi ndiye niliyempa muhuri.

Nilimwendea Ndunguru nikamweleza yote. Hakunihurumia.

"Kwa hiyo bei yako ni mbasa mmoja," akasema.

"Nimwandikie barua mwenyekiti wa kijiji?"

"Barua? Uliandika mbele ya wanafunzi. Ukafute mbele ya wanafunzi."

Safari ile ndiyo pekee niliyoiandaa vizuri maishani mwangu. Padri wa parokia alituazima kamusi ya Biblia yenye herufi zote ishirini na mbili za Kiebrania, na kila mwanafunzi alizinakili mpaka akaweza kuzitambua. Tulibeba karatasi nyembamba na mkaa wa kuchukulia alama za mikwaruzo. Na niliwapa swali moja tu la kumwuliza kila tutakayemkuta, awe mchungaji, mzee wa ukoo au mimi: "Ulijuaje?" Hakuna kucheka, hakuna kubisha. Uliza, andika jibu. Swali hilo lina heshima, na hakuna mwongo anayelipenda.

Gideoni alitupokea kwa spika. "Huyu ndiye Profesa wangu!" Mlangoni alisimama baba yake Editha, mtu mrefu, mvuvi, amevaa kitambulisho shingoni. Binti yake alimwamkia, akaitikia marahaba kwa fahari. Alidhani tumekuja kusifu.

Katekista wa Kianglikana tulimkuta nje ya uzio. Ulijuaje habari za ubatizo? Akasema kwenye daftari la parokia kuna majina, na waliobaki walisimuliwa na wazazi wao. Wakaandika. Kisha wanafunzi wakaingia kwenye jiwe wawili wawili, wakabandika karatasi, wakasugua mkaa, wakalinganisha na herufi zao. Kazi ilichukua saa nzima. Hata herufi moja haikupatikana.

Yule kijana wa altare ndiye aliyesema. "Mtumishi, hakuna inayofanana."

"Hiki ni Kiebrania cha zamani zaidi," Gideoni akasema.

"Ulijuaje?" akauliza Editha.

"Nilionyeshwa katika ndoto."

Editha akaandika. Nilichungulia daftari lake: *Aliota.*

Bibi Anjelika alikuwa amekaa kwenye mchanga nje ya uzio na ungo wake wa usipa. Wanafunzi wakamwendea, wakamwamkia, wakamwuliza kama anajua ile mikwaruzo ni ya nini.

"Ile?" akasema. "Baba yangu alinoa shoka pale. Kaka zangu walinoa mapanga. Mimi nimenoa jembe langu pale tangu sijaolewa. Kwani wamewaambia ni nini?"

Akainuka, akachukua kisu chake cha kuparia samaki, akapita chini ya waya wa uzio kwa magoti, na umri ule. Akafika kwenye jiwe, akatia kisu kwenye mkwaruzo mmoja, akakivuta. Kiliingia barabara. Mlio ule wa chuma juu ya jiwe uliwafanya vijana wote wasogee karibu.

"Huu wa tatu ni wangu," akasema.

Gideoni akapiga kelele kwamba mchawi amekanyaga patakatifu. Baba yake Editha akaja mbio. Hakumgusa shangazi yake. Alimnyang'anya binti yake daftari.

"Umekuja hapa kumwaibisha mtumishi wa Mungu?"

"Niliuliza tu, Baba."

Nikajua zamu yangu imefika. Nikaomba kitabu cha wageni. Gideoni akakataa, akasema ni mali ya huduma, lakini kilikuwa mezani, na mimi nilikuwa karibu. Nikautafuta ukurasa wangu, nikaandika chini ya maneno ya zamani, kisha nikasoma kwa sauti: "Nilichoandika hapo juu ni uongo. Sikujua herufi hata moja ya Kiebrania. Nilipewa chakula na sifa, nikasaini. Hii ni mikwaruzo ya kunolea." Nikatia saini tena. Nikaichana karatasi ya mlangoni pamoja na plastiki yake.

Nilitegemea Gideoni anipige. Aliyenijia ni baba yake Editha. Alisimama karibu sana.

"Mwalimu," akasema kwa sauti ya chini, "mimi sikumwamini huyu kwa ndoto zake. Mimi si mjinga. Nilimwamini kwa sababu yako. Mwalimu wa mwanangu ameandika, nikasema basi ni kweli. Niliacha kanisa la mama yangu." Akanyoosha mkono nyuma ya jiwe, penye nguzo za uzio. "Kikao bado, lakini mimi sikusubiri. Kaburi la babu yangu lilikuwa pale. Nililisawazisha kwa jembe, kwa mikono hii."

Msinitungie jibu na ninyi.

Alimshika Editha mkono akasema, "Huyu harudi shule kwenu." Tulipanda mlima siku ile kiti kimoja kikiwa kitupu.

Kikao cha kijiji kilifanyika. Nilishuka, nikarudia maneno yangu mbele ya mwenyekiti na katekista na wazee wa ukoo. Uzio ukaondolewa, makaburi yakabaki. Gideoni alihama na spika zake, na nimesikia amepata jiwe lingine mbali zaidi. Naamini amepata na msomi mwingine, maana watu kama sisi hawakosekani. Lakini Editha hakurudi. Nilishuka kwao mara tatu. Mara ya kwanza baba yake hakutoka ndani. Mara ya pili alitoka, akanipita akaenda kwenye mtumbwi wake. Mara ya tatu nilimkuta nyuma ya jiwe akipanga mawe mahali pa kaburi. Nikaanza kumsogezea mawe. Aliyapokea, na lile nililoliweka vibaya alilitoa akaliweka upya. Tulipomaliza, Bibi Anjelika alitupa maji ya kunawa, na ndipo baba yake Editha akaniuliza, "Somo lile la Wayahudi, bado unalifundisha?"

"Nalifundisha Alhamisi."

Alhamisi alifika shuleni na binti yake na sanduku lake la bati. Hakwenda kwa Mkuu wa Shule. Aliingia darasani nyuma ya Editha, akakaa dawati la mwisho, magoti yamekwama, kofia ameishika mkononi. Ndunguru, aliyekuwa amekaa huko nyuma kunisikiliza, naye amebakiza muhula mmoja astaafu, akamsogezea nafasi.

Nilifundisha kama nilivyofundishwa. Fundi cherehani, jirani, sheria, shule, nyota, garimoshi. Niliona watoto wanageuka kumtazama yule mtu mzima. Mwishoni akanyoosha mkono, kama mwanafunzi.

"Nani alikuwa anasema kwamba watu hao si watu? Ni wanasiasa tu?"

"Hapana," nikasema. "Walikuwepo madaktari. Walikuwepo wachungaji. Walikuwepo walimu wengi sana. Waliandika vitabu, wakapima vichwa vya watoto darasani, wakatia saini."

"Walijua ni uongo?"

"Wengine walijua. Wengine hawakujua, lakini hawakutaka kusema hawajui."

Akazungusha kofia mkononi.

"Na baada ya vita walifanywa nini, walimu hao?"

Ningeweza kumdanganya. Darasa zima lilitaka nimdanganye. Nikamwambia ukweli kwamba baadhi waliadhibiwa, lakini wengi walirudi darasani, wakafundisha mpaka wakazeeka, wakastaafu wakaishi vizuri.

Baba yake Editha alinitazama kwa muda mrefu.

"Wewe bado hujastaafu, Mwalimu," akasema. "Endelea."